Siku Niliyokaanga Mkanda wa Gari Tukienda Kuposa

Naomba hii niisimulie mwenyewe, maana wengi wenu mmeisikia kwa mke wangu, na yeye kila akiirudia mimi nazidi kuwa mjinga kidogo, mpaka siku hizi nasikia eti nililia (sikulia, ule ulikuwa mvuke wa rejeta, na jasho). Kwa hiyo nakiri kwa mdomo wangu: ndiyo, ni mimi, mwalimu wa fizikia, miaka kumi na minne nimeshika chaki, niliyemwaga mafuta ya kupikia kwenye mkanda wa injini kisha nikaliendesha gari hilo hadi kijijini Kikwe kumposea mdogo wangu mchumba, na aibu yangu ikafunguliwa pamoja na boneti mbele ya mama wa binti, ndugu zake, na foleni nzima ya wanawake wenye ndoo za mahindi.

Gari lenyewe ni la kijivu na lina umri mkubwa kuliko ndoa yangu. Lilianza kulia mwezi wa sita, ule wakati ambao huku kwetu Engutoto, Arusha, asubuhi mlima hauonekani na ukipumua unaiona pumzi yako. Nikiwasha tu, kwiiiii, kama nguruwe aliyeshikwa sikio, na inaendelea hivyo dakika tatu nne mpaka injini ipate joto, halafu kimya, utadhani si lenyewe. Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta aliniambia ameacha kutega kengele kwenye simu, anaamka na gari langu, na aliniambia akiwa anacheka lakini macho yake hayakuwa yanacheka.

Nikalipeleka kwa Shabani, fundi wangu, ambaye gereji yake iko bondeni karibu na mto. Mnajua mafundi wengine, unasimamisha gari na kabla hujazima injini ameshakutajia ugonjwa na dawa. Shabani si wa hivyo. Aliinamisha kichwa, akasikiliza, akasema hawezi kujua kwa kusikia tu, inaweza kuwa mkanda umechoka, inaweza kuwa umelegea, inaweza pia kuwa mkanda hauna kosa ila kuna puli mojawapo, yaani gurudumu dogo linalobeba mkanda, ambayo beringi yake imekufa, kwa hiyo nimwachie gari siku nzima, lipoe kabisa, autoe mkanda na azungushe puli moja moja kwa mkono. Maneno ya mtu mwenye akili timamu. Lakini mke wangu Upendo alikuwa amekaa kiti cha mbele, dirisha liko wazi, na alikuwa ananiangalia kwa namna fulani (ile ya kusema unaona, si nilikwambia tuje mapema), na mimi nikajisikia kama mwanafunzi aliyekosea hesabu ubaoni. Nikamwambia Shabani kwamba habari za puli na msuguano nazifundisha kila mwaka, hili nitalimaliza mwenyewe Jumamosi.

"Sawa, mwalimu," akasema, akarudi kwenye gari alilokuwa analitengeneza.

Uamuzi wenyewe ni huo tu. Sikuiba, sikumpiga mtu. Nilikataa kumwachia fundi gari siku moja.

Jumamosi nikachukua simu nikatafuta video, nikampata kijana mmoja mwenye kofia, anaeleza vizuri sana, anasema kama gari linalia usikimbilie kununua mkanda, kwanza fanya kipimo cha maji: washa injini, mwagia mkanda maji kidogo, usikilize. Sauti ikibadilika, ikinyamaza au ikiongezeka, basi shida iko kwenye mkanda. Na kama sauti haibadiliki kabisa, akasema kijana, akainua kidole, na hapo hapo bando likaisha. Kidole kikabaki kimeganda juu pale kwenye kioo cha simu. Mtu mwingine angeenda dukani akaongeza bando, duka liko hatua arobaini kutoka getini kwangu. Mimi nikasema haina haja, hiyo sehemu ya mwisho nitaijua mwenyewe.

Nikawasha, likalia, nikamwaga maji kwa kikombe cha chai. Sauti haikubadilika hata chembe. Nikamwaga kikombe cha pili, vilevile. Sasa mtu mwenye mantiki angesema, kama maji yamelowesha mkanda na mkanda haujajali, basi anayelia si mkanda. Mimi nikafikia uamuzi kwamba maji hayana nguvu ya kutosha. Nikachukua kipande cha sabuni ya mche, nikazima injini, nikaupaka mkanda kwa uangalifu kama mtu anayepaka mkate siagi, nikawasha tena na gari likawa kimya kabisa. Sikukumbuka kwamba kulikuwa kumekucha sana, jua linawaka, na injini ilikuwa imeshapata moto kwa yale majaribio yote, yaani ule muda ambao kila siku lilikuwa linanyamaza lenyewe bila msaada wa mtu yeyote. Sifa zote zikaenda kwa sabuni, na zaidi kwangu mimi. Nikaandika kwenye kundi la ukoo kwenye simu kwamba gari nimelitibu mwenyewe, na nikaongeza ushauri kwa wenye magari, watu wakaniwekea vidole gumba, na shemeji yangu mmoja wa Moshi akaniita mhandisi. Nililiona hilo neno nikalirudia kulisoma.

Niwaeleze kuhusu posa sasa. Wazazi wetu wameshatangulia, na mimi ndiye kaka mkubwa, kwa hiyo mdogo wangu wa mwisho, Godlisten, akitaka kuoa ni mimi nasimama kama baba yake. Alikuwa amempata Naomi, wamekutana wakati binti anasoma chuo pale Makumira, na wamependana vizuri, lakini kwao Naomi mambo yalikuwa mazito kidogo. Baba yake alifariki zamani, msemaji wa familia ni baba yake mdogo, na huyo baba mdogo alikuwa ameshaahirisha siku ya kutupokea mara mbili kwa sababu, alivyosema kwa kinywa chake, watu wa mjini wana maneno mengi kuliko mambo. Mara ya tatu akakubali. Godlisten alikonda wiki hiyo. Alikuja kwangu akaniambia kwa adabu kwamba ana rafiki mwenye gari zuri, anaweza kulikodi kwa siku moja, nisijisumbue. Nikamwambia mtoto wa mama yangu hataenda kuposa kwa gari la kukodi wakati kaka yake ana gari, na tena limetoka kutengenezwa. Akanyamaza. Godlisten ni mtu wa kunyamaza.

Siku ikafika. Asubuhi nimevaa suti ya bluu na tai, Upendo amependeza, nyuma ya gari tumepakia kreti mbili za soda, mfuko wa sukari, na blanketi la bibi yake Naomi limefungwa vizuri, nikawasha gari. Kwiiiiii. Tena siku hiyo kulikuwa na baridi ya kukomesha, kwa hiyo sauti ilikuwa nene, ina mikwaruzo ndani yake, kitu ambacho haikuwa nacho mwanzoni. Nikazima. Upendo alikuwa amerudi ndani kutafuta mkoba wake. Nikafikiri haraka. Sabuni imeshindwa, maji yameshindwa, bawaba ya mlango ikilia tunaweka mafuta, kwa nini mkanda usiwekewe mafuta. (Naomba wanafunzi wangu kama mnasoma hapa mruke aya hii.) Nikaingia jikoni kwa mlango wa nyuma, nikachukua chupa ya mafuta ya alizeti aliyoyafungua Upendo jana yake, nikarudi nikafungua boneti nikamwaga, na kwa kuwa nilikuwa na haraka sikupima, nikamwaga mpaka chupa ikabaki na kidogo chini, nikaitupa nyuma ya tangi la maji. Nikawasha. Kimya. Kimya kitamu ajabu, nasikia hadi ndege kwenye mparachichi wa jirani. Upendo akatoka, akaniuliza kama nimeona mafuta yake, maana alitaka kumwachia dada wa kazi apikie watoto. Nikasema sijayaona.

Tukatoka watatu, mimi, Upendo na Godlisten, tukashika barabara ya Moshi hadi Makumira kumchukua mshenga wetu, Mzee Ezekia, rafiki wa marehemu baba, mzee wa kanisa, mtu anayeongea taratibu kiasi kwamba ukimsalimia shikamoo unaweza kufunga kamba za viatu kabla marahaba haijafika. Kabla hatujafika kwake taa nyekundu yenye picha ya betri ikawaka kwenye dashibodi. Nikauweka mkono wangu wa usukani mbele yake ili Upendo asiione. Halafu usukani ukaanza kuwa mzito, nakata kona kama mtu anayefungua bomba la shule lililoshika kutu. Sasa najua kilichokuwa kinatokea: mkanda ule mmoja ndio unaozungusha kifaa cha kuchaji betri, na pampu ya usukani, na pampu ya maji ya kupoza injini, na mimi nilikuwa nimeupaka mafuta, kwa hiyo ulikuwa unateleza tu pale juu na vyote hivyo vimelala. Wakati ule nilijiambia ni upepo.

Mzee Ezekia akapanda mbele, Upendo akahamia nyuma, tukachepuka kwenye barabara ya vumbi kushuka Kikwe. Tumekwenda kidogo, mzee akanusa, akatazama huku na huku, akasema kwa taratibu yake kwamba anasikia harufu ya maandazi. Nikamwambia watu wa huku wanapika asubuhi. Pembeni kulikuwa na mashamba ya mahindi yaliyokwisha kuvunwa tu, hakuna nyumba hata moja. Mzee akakubali, akasema basi wanapika vizuri. Kwenye kioo nikamwona Upendo ameacha kuongea na Godlisten, ananitazama kisogoni, na pua yake inafanya kazi.

Yale mafuta yalipoungua yote, sauti ikarudi. Siwezi kuieleza ile sauti vizuri. Si kwiii tena, ilikuwa kitu kama chuma kinakwaruzwa kwenye bati na mtu mwenye hasira, tena mfululizo, haikati, na tulikuwa tumeshaingia kijijini. Mbuzi walikimbia. Mtu mmoja aliyekuwa anakwenda na baiskeli alishuka akasimama nayo kwenye majani mpaka tukapita. Nikapunguza mwendo, sauti ikapungua kidogo ila ikawa ya kukatikakatika, jambo ambalo kwa kweli lilikuwa baya zaidi, na mshale wa joto ulikuwa unapanda, na mimi naomba Mungu tufike tu.

Sasa kuna jambo ambalo Godlisten hakuniambia, au aliniambia na mimi sikusikiliza. Mama yake Naomi, tangu alipofiwa, amewalea watoto kwa mashine ya kusaga. Banda la mashine liko hapo hapo uani kwao, na yeye mwenyewe ndiye anayeiendesha, anaifungua, anaitengeneza, mikanda na puli na beringi ndiyo maisha yake kwa miaka kumi na kitu. Siku hiyo alikuwa amepanga kufunga mapema kwa ajili ya wageni, lakini foleni ilikuwa ndefu, akawa anawamalizia. Alipotusikia kwa mbali, sisi bado tuko huko kwenye kona, alidhani ni mashine yake. Akaizima. Akaweka sikio. Sauti ikaendelea, tena inasogea. Ndipo wanawake wote waliokuwa kwenye foleni wakatoka na ndoo na madebe yao kuangalia ni kitu gani, na tulipoingia getini tukakuta mapokezi ambayo hata mkuu wa mkoa angeyafurahia, safu mbili za watu wenye unga kwenye nyusi, kimya, wanatutazama. Nikazima injini. Gari likatetemeka, likapiga kwikwi moja, likalala.

Tukashuka, salamu, shikamoo, marahaba, karibuni ndani. Mama Naomi alinawa mikono akaja akakaa kwenye kona, mama mnene wa wastani, mpole, hana maneno. Baba mdogo alikaa katikati, ndugu wengine pembeni. Soda zikaingizwa, blanketi likapokelewa. Mzee Ezekia akaanza kufungua mazungumzo kwa mwendo wake, na alipofika mahali pa kueleza sisi ni watu gani, akataka kutupamba, akasema hawa ni vijana wa kazi, huyu mkubwa ni mwalimu wa fizikia, hata gari lake hulitengeneza mwenyewe.

Ningeweza kunyamaza, lakini baba mdogo alinigeukia, akaniuliza kwa upole tu kama kuna tatizo na gari, na mimi nikakaa vizuri kwenye kochi, nikapachika mguu juu ya mguu, nikasema hapana mzee, ni mkanda mpya, nimeufunga wiki hii, mikanda mipya hulia kidogo mpaka ikazoea. Nikaeleza na habari za msuguano. Nilieleza kwa muda. Upendo alikuwa anatazama zulia.

Mama Naomi akauliza kutoka kwenye kona yake, "Mkanda mpya, baba, unanuka maandazi?"

Akasema tena, bila kupaza sauti, kwamba hataki kukatisha mazungumzo ya wazee, lakini injini ile inachemka, anaisikia kutoka pale alipokaa, na isipofunguliwa sasa wageni wake watalala Kikwe. Na kweli, tulipochungulia dirishani, mvuke ulikuwa unatoka kwenye boneti kama sufuria ya makande. Posa ikasimama. Tukatoka wote nje, wazee, ndugu, Mzee Ezekia na bakora yake, na ile foleni ambayo haikuwa imeondoka (nani angeondoka), na Naomi mwenyewe, ambaye kwa heshima alitakiwa awe amejificha ndani, nikamwona amesimama kwenye mlango wa jikoni ameziba mdomo kwa mkono.

Nikafungua boneti. Mafuta yalikuwa yameruka kila mahali, kwenye betri, kwenye mabomba, chini ya boneti yanadondoka, na mkanda, ule mkanda mpya, ulikuwa umepasukapasuka kwa uzee mpaka unaonyesha nyuzi, na umekaangika, una rangi ile ya kitumbua kilichosahaulika kwenye karai. Mama Naomi akagusa kwa kidole, akanusa kidole.

"Haya ni ya kupikia," akasema.

"Ni yangu," akasema Upendo. "Ya alizeti. Nilimuuliza asubuhi, akasema hajayaona."

Aliisema kawaida tu, kama mtu anayetambua ndoo yake kisimani, lakini ilinichoma kuliko mvuke. Maana kicheko cha foleni kilianza hapo, kwanza mama mmoja nyuma, halafu wote, na ningeweza kuvumilia kicheko, ila baba mdogo hakucheka. Aligeuka akamwambia Mzee Ezekia, kwa heshima zote, kwamba ni afadhali kwa leo tuishie hapo. Akasema mtu ametoka kukaa kwenye kochi lake, mbele ya familia, amesema mkanda ni mpya, na kabla ya hapo amemdanganya mke wake kwa sababu ya chupa ya mafuta, sasa yeye atampelekaje binti wa marehemu kaka yake kwenye nyumba ya watu wa namna hiyo. Mzee Ezekia akafungua mdomo, lakini ninyi mnajua mwendo wake. Nikamtazama Godlisten. Rangi ilikuwa imemtoka, anatazama viatu vyake, na pale ndipo nilipoelewa kwamba hili halikuwa tena gari. Nilikuwa nimemharibia mdogo wangu maisha kwa sababu sikutaka kuonekana sijui kitu mbele ya fundi.

Mama Naomi akamwomba shemeji yake asubiri kidogo. Akaniuliza, "Fundi wako alikwambia nini?"

Nikatafuta jibu zuri. Nilikuwa bado natafuta, naona haya kuwaambia hata hili, wakati Godlisten alipoinua kichwa.

"Fundi alimwambia aache gari siku nzima, mama, akakataa, shemeji Upendo alinisimulia," akasema. "Na mimi nilitaka kukodi gari lingine. Nilijua hili bado ni bovu. Nikanyamaza kwa sababu ni kaka yangu, na nimekosea kunyamaza."

Sijawahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo kwa mkupuo mmoja. Mama Naomi akaenda bandani, akarudi na spana, ndoo ya maji ya sabuni ya unga, na koti lake la kazi lililojaa unga, akanivika mimi juu ya shati, koti la suti akaliweka kwenye kiti, akasema tuoshe kwanza. Nikaosha. Nikaosha puli zote kwa brashi ya viatu, nimeinama, na foleni inanielekeza mahali palipobaki mafuta. Injini ilipopoa akausukuma kwa spana mkono wa chuma unaoukaza mkanda, mkanda ukalegea, ukatoka, akauning'iniza begani kwake, akaniambia nizungushe puli moja moja kwa mkono.

Ya kwanza ikazunguka laini. Ya pili laini. Ya tatu laini. Ya nne, ile ndogo ya kukazia mkanda, ambayo ukiitazama huwezi hata kuidhania, ikakwaruza, ikayumba, ikagoma katikati. Nilipoilazimisha ikalia kidogo, sauti ile ile, ila ndogo, kama inanong'ona.

"Ulimwagia maji kwanza?" akaniuliza. Nikasema ndiyo. Sauti ilibadilika? Nikasema haikubadilika.

"Basi maji yalikujibu siku hiyo hiyo, mwalimu. Mkanda umezeeka, lakini si huo uliokuwa unalia. Ni beringi. Kwa nini hukuyaamini?"

Na mimi nimesimama pale na koti la unga, mikono imejaa grisi, tai imelowa sabuni, na sikuwa na hadithi nyingine iliyobaki. Nikamwambia, mama, sikujua maana yake. Sikujua, na sikutaka kuuliza, na kuhusu mkanda mpya nilisema uongo. Nikamgeukia baba mdogo, nikamwomba radhi, nikamwambia kosa ni langu, mdogo wangu asihukumiwe kwa ajili yangu. Nikamwomba Upendo radhi pia, kwa sauti, mbele ya foleni. Yeye akasema tutaongea nyumbani, na kweli tuliongea.

Baba mdogo akazungumza na shemeji yake pembeni kwa Kimeru, harakaharaka, na mimi na Kimeru changu cha utotoni nikadaka maneno machache tu. Mwishowe akarudi akasema tuingie ndani, mazungumzo yaendelee. Tukaingia. Nikakaa kwenye lile kochi na koti la unga, kwa sababu mikono haikufaa kushika suti, na ndivyo nilivyo kwenye picha ya siku ile, ile ambayo Upendo aliituma kwenye kundi la ukoo, wazee wote na suti zao na katikati msagaji mmoja mwenye tai. Yule shemeji wa Moshi ndiye wa kwanza kuijibu.

Walipofika kwenye jibu lenyewe, Mama Naomi akaomba kusema, akamtazama Godlisten, akasema kijana huyu amesema kweli pale mambo yaliponuka, nami nimeridhika. Kisha akanitazama mimi. "Mdogo wako tunampa binti," akasema. "Wewe hatukupi hata spana." Hapo hata baba mdogo alicheka, na nilicheka na mimi, ingawa kidogo kidogo.

Gari halikuweza kurudi, beringi za mashine ya kusaga hazilingani na za gari. Tulirudi Arusha na pikapu ya mtu mmoja aliyekuwa anapeleka magunia ya unga mjini, Mzee Ezekia mbele na dereva, Upendo katikati yao, mimi na Godlisten nyuma juu ya magunia. Njia nzima hatukuongea mpaka tulipokaribia Tengeru, akanipiga bega, akasema, "Kaka, asante." Nikamuuliza kwa lipi. Akasema kwa ile radhi. Nikatazama upande wa mlima kwa muda, vumbi lilikuwa limeniingia machoni (mke wangu asisikie hapa).

Gari lilikaa Kikwe wiki nzima uani kwa Mama Naomi, kuku wakataga chini yake, mpaka Shabani alipokwenda nami, na puli mpya na mkanda mpya wa kweli. Ilimchukua chini ya saa moja. Hakunisema neno, ila alipofungua boneti na kukuta harufu bado ipo, aliniuliza kwa heshima kama chai ipo.

Harusi ilifungwa, wanaishi vizuri, wana mtoto sasa. Na mwezi uliopita Mama Naomi alinipigia simu, akasema mashine yake imeanza kulia, kama nina nafasi nipite nikamshikie vitu wakati anaifungua. Nilikwenda. Alipoiwasha, ikalia, na foleni ikatulia kunitazama (wapo wale wale), akaniuliza, mwalimu, unaonaje, ni mkanda au ni beringi. Nilikuwa na dhana yangu, nawaambia ukweli, tena nzuri tu, ilinifika hadi kwenye ulimi. Nikasema sijui, mama. Akatikisa kichwa kuonyesha ameridhika, akanipa nishike spana, na tukaanza kuifungua pamoja.

Kwa hiyo viapo vyangu ni viwili, na nimevitimiza mpaka leo. Gari likilia nalipeleka kwa Shabani likiwa bado linalia, nalala bila gari, na nikirudi kulichukua simwambii kitu chochote kuhusu fizikia. Na mafuta ya jikoni yakae jikoni, maana kwa sasa Upendo anayaweka kabatini na ufunguo anatembea nao.